Dunia ya Miezi Miwili

Kalemie, mezani pa studio, saa nane ya muchana

Feza wangu,

Mungu aliumba dunia kwa siku sita. Mimi papa yako niliumba ya kwangu kwa siku moja. Nilianza saa mbili ya asubuhi, na saa kumi na moja ilikuwa imekwisha, na milima yake, na maji yake, na miezi miwili juu, kwa sababu niliona mumoja hautoshi. Kisha nikapumzika, nikala bukari ya unga wa muhogo na samaki wawili wa mikeke wa kukaanga, nikaona kwamba ni vizuri. Na ukumbuke Mungu hakufukuzwa darasani juu ya minerval, pesa ya shule. Mimi nilifukuzwa. Sasa pima mwenyewe nani alikuwa na kazi ngumu zaidi.

Usicheke. Najua unacheka na lile jino la pembeni linaonekana.

Mambo ya safari sikuandikii. Shangazi yako Mwamini amekwisha kukuambia mara kenda namna ya kukalia sanduku ndani ya treni mpaka Kabalo, na nani wa kumusalimia pale Nyunzu, na maji gani usinywe. Akisahau moja atakufuata kwa miguu juu ya reli. Mimi nina jambo lingine. Kesho treni itapiga filimbi, utakwenda Lubumbashi kusomea umeme, binti wa kwanza wa avenue yetu kusomea vitu vya nyaya. Kila anayekuuliza kwa nini umeme, kwa nini si ushonaji, si ualimu, unamupa jibu moja, lilelile, tangu ulipokuwa mudogo. Lile jibu lilitoka kwangu. Mimi njo nilikupa, na ndani yake mna tundu. Nataka kukuonyesha tundu lenyewe mbele ya wewe kupanda treni, halafu uamue kama bado unataka kwenda, na kama ungali unataka kuniita papa. Ningekuambia kwa mudomo, lakini unanijua: mudomo wangu ni pikipiki isiyo na freni, ungeanza kwa toba ungemalizia kwa sifa. Kalamu inakwenda polepole. Labda itafika.

Ulikuwa na miaka sita. Mimi nilikuwa kijana ambaye muji muzima ulimujua, hata wale wasionipenda. Vibao vya maduka, majina ya mitumbwi, mwenge wa chama ku ukuta wa ofisi ya zone, yote mukono wangu. Na hapa studio ya Papa Mukalay nilichora vile vitambaa vikubwa vya kuweka nyuma ya muntu anayepigwa picha. Nilichora ndege yenye ngazi, watu wakasimama chini yake kama wameshuka sasa hivi. Nilichora frigo. Mama mumoja wa Kabimba alipigwa picha mbele ya ile frigo, akaituma kijijini, ndugu zake wakamujibu: tunakuja kunywa maji ya baridi. Wakakuja kweli, watu saba! Mama wa watu alinitafuta muji muzima.

Basi Mbelgiji mumoja, fundi wa masini upande ule wa Kabimba, alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Akaniita niandike jina lake ku masanduku ya mbao. Niliandika herufi nzuri mpaka akasema ni huruma kuzifungia ndani ya meli. Kwa furaha akanipa kitu ambacho hakikuingia ndani ya sanduku lolote. Kilikuwa cheusi, kifupi, chenye vidude vya herufi kama masini ya kuandikia, lakini hakina mahali pa karatasi. "Ni ordinatere," akaniambia. "Unaifunga ku televizio, unaiandikia maneno, yenyewe inachora." Akaongeza kitabu cha Kifaransa. Mimi, ambaye Kifaransa changu kilikwama mwaka wa pili wa segondere, nikamujibu, "Ndiyo, hizi ninazijua." Huo uongo wa kwanza. Uhesabu, kuna mwingine unakuja.

Mama yako Riziki alisimama mulangoni, mikono kiunoni, akaiangalia ile masini juu ya meza yetu ya kulia.

"Profesere, hii inapika?"

"Haipiki. Inachora."

"Inachora nini?"

"Kila kitu chini ya jua."

"Basi iambie ichore sabuni. Yetu imebaki povu tu."

Wewe ulicheka mpaka ukaanguka ku mukeka. Mimi nilinuna. Siku mbili nyuma yake mama yako akavuka ziwa kwa mashua kwenda Kigoma na mafuta ya mawese, kama alivyovuka mara nyingi, arudi na sabuni na vitenge. Nilikuwa nimeinamia kile kitabu, natafuta maana ya neno moja. Akasema, "Tunakwenda, eh." Nikasema, "Mm."

Hiyo "mm" njo neno la mwisho nililomupa muke wangu. Sijui kuhubiri, na kanisani nasinzia, unajua. Lakini muntu akikuaga, Feza, inua kichwa.

Mashua haikufika Kigoma wala haikurudi. Wavuvi waliona pipa mbili zinaelea, basi. Ndugu za mama yako walishuka kutoka upande wa Baraka, tukakaa kilio inje siku nyingi, watu wakaimba na sauti zikakauka, lakini hakukuwa muntu wa kuzika. Kilio cha namna ile ni kibaya, kwa sababu watu hawajui waangalie wapi. Wengine waliangalia ziwa. Wengine waliniangalia mimi.

Na wewe ukaanza kuuliza. Siku watu walipokwenda kufagia makaburi ulibeba ufagio wako mudogo, ukazunguka kote, halafu ukarudi kwangu: "La Mama liko wapi?" Shangazi akakuambia Mama yuko juu mbinguni. Ukaangalia juu. Ukasema, "Upande gani?" Mimi, mwenye jibu la kila kitu, mimi niliyebishana na mwalimu juu ya jina la mufalme wa Wabelgiji, sikuwa na upande wa kukuonyesha. Kiangazi, hewa ikiwa safi, milima ya ng'ambo inaonekana vizuri. Ulikuwa unakaa pale inje ya nyumba, unaikazia macho, kama muntu anayengoja itoe sauti.

Sijui kwa nini nilirudi ku ile masini. Nikikuambia nilirudi kwa ajili yako, nitakuwa najipaka rangi. Nafikiri nilirudi kwa sababu nilipokuwa nimeinama hakuna muntu aliniona uso. Nikaibeba mpaka hapa studio, kwa sababu Papa Mukalay alikuwa na televizio ya rangi, nikaanza kuandika yaliyokuwa ndani ya kitabu, mustari kwa mustari. Kila mara masini ilinitukana kwa Kifaransa: kosa hapa, kosa pale. Wiki tatu. Kumbe nilikuwa naandika herufi ya O mahali pa sifuri. Mimi muchoraji, kwangu zote mbili ni duara moja, burashi haioni tofauti. Masini inaona.

Mwishowe nilielewa kidogo kazi yake, nitakueleza, halafu wewe mwenye akili za shule utanieleza tena vizuri. Masini inachukua mustari ulionyooka. Inauvunja katikati. Pale katikati inapavuta juu ao inapashusha chini, kadiri inavyotaka. Halafu kila nusu inaivunja tena katikati, inavuta tena, na zile nusu ndogo tena, na tena, mpaka mustari unakuwa mulima kabisa, wenye mabega na makorongo, mulima ambao ungeapa kuna mbuzi nyuma yake. Nikauliza kitabu: nani anaamua juu ao chini? Kitabu kikajibu neno moja. Bahati.

Nikakifunga kile kitabu, nikatoka, nikakaa mbele ya mulango. Mulima unaozaliwa na bahati! Basi na wimbi? Na mashua, nani aliivuta juu, nani aliishusha? Papa Mukalay akaniuliza kama nina malaria. Mpaka leo sijaelewa, Feza. Kama utakutana na muntu anayeelewa kule Lubumbashi, usiniandikie haraka. Niulize kwanza kama niko tayari.

Siku yenyewe nilifinya kidude asubuhi, na masini ikachora toka juu kwenda chini, mustari mumoja, mustari mwingine, polepole kama bibi anayechagua maharagwe. Mbingu nyeusi kwanza. Miezi miwili, mumoja mwekundu kidogo. Milima ya rangi ya zambarau, rangi ambayo sikupata kuichanganya maisha yangu yote, na nimejaribu. Chini yake ziwa, kijani, kimya, bila wimbi hata moja, na milima imelala ndani ya maji kichwa chini. Shangazi akakuleta saa kumi na moja, ilipokuwa inamalizia ukingo. Na pale ukingoni, kandokando ya maji, kulikuwa na nukta moja nyeupe. Kitabu hakikuitaja. Mimi sikuiandika. Sijui ilitoka wapi.

Ulisogea mpaka pua yako ikagusa kioo. Ukasema, pole kabisa, "Mama njo ule."

Shangazi akashika mudomo. Papa Mukalay akavua kofia. Wote wakaniangalia, na mimi, kijana mupumbavu, nikaona ni mara ya kwanza tangu kilio watu wananiangalia vizuri. Nikasema, "Njo yeye. Mimi njo nilimuweka pale."

Huo ulikuwa uongo wa pili. Ule ningeurudia hata leo, siuombei radhi. Ulilala vizuri siku ile kwa mara ya kwanza.

Siku tano televizio haikuzimwa, kwa sababu masini ile haitunzi kitu: ukiizima, ao ukifinya kidude tena, picha inafutika. Kila muchana ulitoka masomo, ukapita hapa na shati lako jeupe, ukasimama mbele ya kioo: "Mama, jambo. Nimekula. Nimeandika mpaka kumi." Halafu unakwenda nyumbani, basi, kama muntu aliyepita kusalimia jirani. Uliacha kuangalia milima ya ng'ambo. Watu wakaanza kukuja. Mama mumoja ambaye mutoto wake naye alipotea ziwani aliniuliza kama naweza kumutafutia na wake. Nikamuambia nitaona. Nilijibu kama daktari! Kiburi kilinipanda mpaka kofia haikuniingia.

Siku ya pili Papa Mukalay alikupiga picha, umesimama kando ya televizio, kiganja chako juu ya kioo. Alipiga na flashi, kama alivyomupigia kila muntu miaka ishirini, wala mimi sikukumbuka kumukataza. Filme ilipooshwa baadaye tuliona wewe umetoka vizuri, na mahali pa dunia yangu mna moto mweupe tu, ile flashi imejitazama ndani ya kioo. Ndiyo picha uliyonayo ndani ya Biblia yako. Shangazi anasema ni utukufu. Mimi nasema ni kosa la mafundi wawili wenye kujidai.

Sasa nafika pale.

Siku ya tano, karibu saa sita, Asukulu akaingia na vijana wawili wa bandarini. Asukulu unamujua, yule rafiki yangu wa kubeba mizigo, tulifukuzwa wote siku moja. Akakaa juu ya kiti cha wateja, miguu mbele.

"Kyungu, weye uliyetoka masomo na kaptula yenye madirisha mawili, njo ulifanya hii?"

"Mimi mwenyewe. Kwa vidole hivi."

"Uongo. Hii filme ya Wazungu. Muzungu wako aliificha ndani, weye ulifungua mulango tu."

"Asukulu, ukiwa haujui kitu, nyamaza kama samaki."

"Samaki njo weye, umemeza ndoano ya muzungu." Wale vijana wakapiga makofi. "Kama ni yako, fanya ingine tuone. Ongeza mwezi wa tatu."

"Wa tatu? Naweza hata wa nane."

"Fanya basi! Ao tungoje muzungu avuke bahari akushike mukono?"

Papa Mukalay alikuwa pale chini ya feni yake, anakunywa chai. Akasema, "Kyungu, waache hawa. Mutoto anatoka masomo sasa hivi."

Halafu kuran ya umeme ikakatika.

Hivyo njo nilivyokuambia ulipoingia. Ulisimama na kitabu chako kifuani. Ndani ya kioo kulikuwa mbingu nyeusi tu, nusu, inaanza tena toka juu. Ukauliza, "Mama yuko wapi?" Nikasema, "Kuran ilikatika, Feza. Kuran imemuzima." Ukainua macho ku feni ya Papa Mukalay. Ilikuwa inazunguka. "Na feni?" Nikasema, "Imerudi sasa hivi." Papa Mukalay aliangalia ndani ya kikombe chake. Asukulu alitoka bila kuaga, na tangu siku ile hajawahi kunitania juu ya ile masini hata mara moja, yeye anayetania hata maiti.

Nikakuahidi nitamurudisha. Maneno ni yaleyale, kitabu ni kilekile, nikasema milima itarudi ileile. Haikurudi. Nilifinya mara arobaini, labda zaidi, wiki sita nzima, na kila mara ilikuwa dunia ingine, mulima mwingine, ukingo usio na muntu. Ulikaa hapa juu ya sanduku la rangi, ukaangalia kila moja mpaka chini, halafu ukasema, "Haiko hii." Nyingine ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza, nakuapia. "Haiko hii, Papa." Mara moja nilichora nukta nyeupe kwa burashi juu ya kioo chenyewe. Uliipangusa kwa kidole, ukanionyesha rangi. Siku ile nilitamani unitukane.

Mwishowe masini ikafa yenyewe, na wewe ukaacha kuja. Ukaanza kufuata nyaya. Ulikuwa na miaka minane ulipofungua sanduku la fuzibli za umeme la jirani, tukakupiga, ukafungua tena. Leo muji ukiingia giza watu hawaiti fundi, wanaita Feza. Na ukiulizwa kwa nini, unajibu: kuran ilimuzima mama yangu, sitaki ikatike tena juu ya muntu. Nimelisikia lile jibu mbele ya pasta, mbele ya mukubwa wa shule, mbele ya wajomba zako wote. Kila mara nilikuwa nimesimama hapo kando nimevaa shati la kupiga pasi, na watu walinishika mukono, wakasema, Papa Feza, umekomaza mutoto. Na nilishukuru! Nilisema, ndiyo, alinifuata mimi.

Umeingia hapa sasa hivi, katikati ya mustari huu. Nimefunika barua kwa kitambaa cha rangi. "Papa, koleo langu liko wapi?" Nikakuonyesha. "Unaandika nini muchana wote?" Nikasema, "Kibao cha kinyozi." Ukasema, "Kinyozi gani anataka kibao kirefu hivyo? Anataka kunyoa Zaire yote?" Ukatoka unacheka. Ulikuwa umejipaka grisi shavuni, palepale mama yako alipokuwa na alama. Koleo unalichukua ndani ya sanduku la safari, juu ya nguo nzuri, shangazi atazimia.

Nilikuwa nimekwisha kuweka jina langu hapa chini. Nilikuwa nimeandika: papa yako Kyungu, mwenye kuumba dunia, nenda salama. Nikaliangalia, nikalikata. Lingefika Lubumbashi vizuri, na ungelibusu, na tundu lingebaki pale ndani, na wewe ungejenga nyumba yako juu yake.

Sijui utafanya nini na haya. Labda utaiacha treni iende, uje kunipiga. Labda utaendelea, kwa sababu vidole vyako vilikuwa vinajua nyaya wakati mimi nilikuwa bado nabuni maneno. Lakini hiyo si kazi yangu kuisema, nitakuwa tena nauza frigo ya rangi. Ninachojua ni kidogo. Watatu walinicheka, nikasikia joto masikioni, nikaandika mwezi wa tatu, na kidole changu kilikuwa juu ya kidude wakati Papa Mukalay anasema jina lako.

Ile feni haikusimama, Feza, hata mara moja. Kuran haikukatika. Mimi njo nilifinya.